Mobileti ya Dispensere: Tafuta Kwanza, Kisha Useme



Tangu mwezi uliopita munaona mobileti ya buluu ikipita mbele ya madarasa kila siku ya ine asubui, Mama Munganga juu yake na sanduku la chanjo nyuma. Watu mingi wananiuliza habari zake. Wengine wanasema tulinunua motere mpya kule Lubumbashi. Wengine wanasema mgeni mmoja wa Ulaya alituma pesa. Si hivyo. Motere ni ile ile iliyolala katika depo nyuma ya jiko tangu mwaka 2012, na pesa tuliyotumia haifiki bei ya mbuzi mmoja. Nitawaeleza ginsi tulivyofanya, kusudi mwenye mashine ya namna hii nyumbani kwao asiitupe bure. Tena kuna neno lingine ndani ya habari hii, kubwa kuliko mashine, nalo nitalisema pahali pake.

Kwanza mujue mashine yenyewe. Mobileti tumeifanya neno letu, lakini mwanzoni lilikuwa jina la biashara. Kiwanda cha Motobécane cha Ufaransa kilitoa Mobylette ya kwanza mwaka 1949. Ilikuwa kama kinga yenye motere: iko na pedali, iko na mnyororo, na motere yake haifiki sentimita kibiki 50. Watu walizipenda kwa sababu hazili esansi nyingi na vipande vyake ni vichache. Mwaka 1984, kisha kiwanda kuanguka na Yamaha kuingia, jina lilibadilika likawa MBK. Yetu iko na jina la Motobécane kwenye tanki, nayo ilifika hapa mwaka 1981 kwa kazi ya dispensere.

Motere yake ni ya mapigo mawili. Motere ya motokari kwa kawaida ni ya mapigo ine: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa moshi. Hii yetu inamaliza kazi yote kwa zunguko moja tu. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyeanzisha namna hii nyepesi ya motere ya mapigo mawili, katika mji wa Bath, karibu na mwaka 1890. Alitumia nafasi iliyo chini ya pistoni, ile tunayoita karteri, kama pampu. Pistoni ikipanda, karteri inavuta hewa na esansi. Pistoni ikishuka, inazisukuma kupitia njia ya ubavuni mpaka juu, pale zinapobanwa na kuwaka. Supapi hakuna; pistoni yenyewe inafungua na kufunga matundu. Na kwa sababu esansi inapita katika karteri, haiwezekani kuweka mafuta ya motere mule chini kama katika motokari. Lazima mafuta yachanganywe na esansi ndani ya tanki. Ndiyo sababu mobileti inatoa ule moshi wa rangi ya majivu na harufu munayoijua.

Sasa nieleze ju ya nini mimi, kapita wa wanafunzi mwenye Egzeta mbele yangu, niliingia katika kazi ya grisi.

Katika trimestri ya pili watoto wawili wa madarasa ya chini walipigana bwenini. Waliletwa kwangu, mmoja damu puani. Nikauliza sababu. Mmoja alikuwa amemwambia mwenzake: "Babu yako ndiye alitia maji katika esansi ya dispensere." Nilifuata kanuni, wote wawili walipata azabu ya kupigana, wakateka maji siku tatu. Lakini maneno yale yalibaki. Nikawauliza wazee wa hapa, na hii ndiyo habari waliyonipa.

Mwaka ule wa 2012 mobileti ilianza ugonjwa wa ajabu. Inawaka vizuri mbele ya dispensere, inakwenda kilometa mbili au tatu, kisha inapunguza nguvu na kufa njiani. Munganga wa wakati ule anashuka, anafungua tanki kuangalia kama esansi iko, anaona iko, anafunga, anapiga pedali, nayo inawaka tena. Kisha inakufa tena mbele. Zaidi ya yote, siku ilipojazwa tanki ndipo ilikufa upesi zaidi. Watu wakasema: esansi mpya ndiyo mbaya. Na nani analinda fiti la esansi usiku? Ni zamu. Basi zamu anaiba na kujaza maji pahali pake. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyepima. Lakini zamu alipoteza kazi, na mashine ikaingizwa depo. Mzee yule yuko hai mpaka leo, anauza makala pa njia ya soko, na mjukuu wake anasoma pamoja nasi.

Wakati uleule tulisikia kwamba vyuma vyote vya depo vitauzwa kwa kilo mbele ya Pasaka. Munajua hapa kwetu Katanga wanunuzi wa shaba na aliminiumu hawakosi. Nilikwenda kwa Bwana Prefe, nikaomba mashine tuiangalie mbele haijauzwa. Alijibu: "Nawapa wiki sita, siku ya posho tu, na masomo yasianguke." Tulikuwa watano: wavulana wanne na msichana mmoja wa darasa la sayansi. Papa Fundi, aliyefanya kazi ya garaje miaka mingi kule Likasi, alikubali kutusimamia.

Siku ya kwanza sisi sote tulitaka kushika klefu na kufungua. Papa Fundi akatukataza. "Musifungue bado. Mashine ya mapigo mawili munaiuliza maswali matatu: Moto iko? Esansi iko? Kubana iko? Kama yote matatu iko, na kwa saa yake, itawaka, ikipenda isipende. Kama haiwaki, moja ya hizo imekosa. Mutafute ni gani." Akatupa kaye tuandike kila kitu tunachofanya, na kanuni moja: badili kitu kimoja tu kwa mara moja. Mutu akibadili vitu vitatu pamoja na mashine ikawaka, hajui ni gani kilikuwa kibovu, na kesho atakuwa mjinga sawasawa na jana.

Tulianza na kubana, kwa sababu ni kazi nyepesi. Unatoa buji, unaweka kidole gumba juu ya tundu lake, mwenzako anazungusha pedali. Kidole kikisukumwa kwa nguvu na kutoa mlio, pistoni na segma zake zingali nzima. Chetu kilisukumwa. Papa Fundi alicheka peke yake, akasema motere haijafa.

Kisha moto. Buji inafungwa katika waya wake, chuma chake kinalazwa juu ya silenda, na mutu anazungusha pedali kivulini. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyekundu na dhaifu ni mbaya. Yetu haikutoa kitu. Tulijaribu buji nyingine tuliyoazima: vilevile hakuna. Basi ugonjwa si buji. Ndani ya volani kuna platini, vipande viwili vidogo vinavyokutana na kuachana kila zunguko. Vinapoachana ndipo bobini inatoa cheche. Vyetu vilikuwa na ukoko wa majivu kwa ajili ya kulala miaka mingi. Tulivisugua na karatasi ya msasa laini sana, kisha tukapitisha kipande cha karatasi safi kuondoa vumbi, na tukapima nafasi: milimeta 0,4 vinapokuwa wazi kabisa. Nafasi ya buji tuliiweka milimeta 0,5. Tukazungusha. Cheche ya buluu! Wale wa bwenini walisikia makelele yetu wakafikiri kuna nyoka.

Tatu, esansi. Hapa kazi ilikuwa nguvu. Esansi ya zamani ilikauka katika kabirateri ikawa kama gundi ya rangi ya asali. Tanki ilikuwa na kutu. Tulitia changarawe ndogo na kipande cha mnyororo ndani yake, tukaitikisa kwa zamu mpaka mikono ikafa, tukasafisha kwa esansi kidogo mara ine mpaka ilitoka safi. Robine ya tanki tulifungua na kuondoa uchafu. Katika kabirateri kuna jikleri, kipande cha shaba nyeupe kama manjano chenye tundu dogo sana, ambalo linapima esansi inayoingia. Ukiliinua mbele ya jua lazima uone nuru upande wa pili. Letu lilikuwa giza. Mmoja wetu alishika sindano, Papa Fundi akamzuia mkono: sindano ya chuma inapanua tundu, na ukilipanua kipimo cha kiwanda kimepotea. Tulililoweka katika esansi usiku mzima, tukapuliza na pampu ya kinga, tukaona nuru.

Tukachanganya mafuta kwa asilimia 4, maana yake mililita 40 za mafuta katika litre moja ya esansi. Kwa mashine ya zamani kama hii, ukipunguza mno, pistoni inashikana na silenda. Ukizidisha mno, buji inaloa na eshapema inajaa masizi. Juma la tatu, kwa pedali ya kumi au zaidi, ilikohoa, ikatoa moshi mzito, ikawaka. Msichana wetu aliipanda akazunguka uwanja wa mpira. Zunguko la kwanza, la pili, la tatu. Kisha sauti ikashuka, ikafa.

Wapenzi wasomaji, wengine walihuzunika. Mimi nilifurahi, kwa sababu ugonjwa wa mwaka 2012 ulikuwa umerudi mbele ya macho yetu, na fiti la esansi lilikuwa chumbani mwa Bwana Prefe, limefungwa na ufunguo. Hakuna zamu wa kusingiziwa.

Mmoja wetu alifungua kifuniko cha tanki kuangalia, na sisi wote tulisikia: fyuuu. Hewa iliingia. Papa Fundi alinyamaza, akatuangalia, akauliza: "Mumesikia nini?"

Esansi ya mobileti haina pampu. Inashuka kwa uzito wake tu kutoka tanki mpaka kabirateri. Lakini kila tone linaloshuka linaacha nafasi, na hewa lazima iingie kuijaza. Kwa hiyo kifuniko cha tanki kina tundu dogo la kupumulia. Tulipokigeuza kifuniko chetu tuliona raba iliyokatwa katika mpira wa kinga, duara nzima bila tundu. Kifuniko kilivuja siku moja, na mutu mwenye nia njema aliweka raba kusudi esansi isimwagike. Akaziba pua ya mashine.

Mwalimu wetu wa fizike alituonyesha hesabu. Esansi ni nyepesi kuliko maji; safu yake ya sentimita 10 inasukuma kwa nguvu isiyofika asilimia 1 ya nguvu ya hewa inayotuzunguka. Basi hewa ndani ya tanki ikipungua nguvu kidogo tu, asilimia 1 hivi, esansi inasimama. Na sheria ya Boyle, ile tunayoandika kila mwaka bila kufikiri, inaeleza fumbo la pili: tanki ikijaa, nafasi ya hewa juu yake ni ndogo, kwa hiyo esansi kidogo ikitoka nguvu ya hewa inaanguka upesi. Tanki ikiwa nusu, hewa ni nyingi, inachukua muda zaidi. Ndiyo sababu ilikufa upesi siku ya kujazwa. Si kwa sababu esansi mpya ilikuwa na maji.

Lakini Papa Fundi alisema maneno mazuri si shahidi. Lazima kupima. Siku ya posho iliyofuata tulifanya hivi, na mwalimu alishika saa. Raba ile ile mahali pake, tanki imejaa: ilikufa kwa dakika 6. Raba ile ile, tanki nusu: dakika 11. Raba yenye tundu tulilotoboa kwa msumari mdogo, tanki imejaa: ilizunguka dakika 30, tukaizima sisi wenyewe. Tukarudisha raba nzima, tuliyokata sawa na ya kwanza: dakika 6 tena. Raba haikubana kabisa, hewa ilipenya kidogo kidogo, ndiyo sababu haikufa mara moja. Tulirudia siku mbili. Yote yameandikwa katika kaye, na kaye iko katika biblioteki kwa mwenye kutaka kusoma.

Je, hii inaonyesha kwamba hakuna mutu aliyeiba esansi mwaka 2012? Niseme kweli: kaye haiwezi kusema ginsi hiyo. Kutu ya tanki haitaji jina la mutu. Lakini alama zote ambazo zamu alihukumiwa kwazo, kufa njiani, kuwaka tena kisha kufunguliwa, kufa upesi siku ya kujazwa, zote tatu zinatoka katika raba moja ya upana wa kifuniko. Hakuna alama iliyobaki ya kumshitaki nayo. Na mwenye kutaka kushitaki ndiye anapaswa kuleta alama nyingine, si mwenye kushitakiwa.

Nilipeleka kaye kwa Bwana Prefe. Aliisoma jioni moja, kisha akamwita mzee. Mzee alikuja na kofia mkononi, akasimama karibu na mlango kama mutu anayengoja kufukuzwa. Tuliwasha mashine na raba nzima, ikafa. Tukawasha na raba yenye tundu, ikaenda. Aliomba tufanye tena. Tukafanya tena. Akashika raba ile, akaigeuza mara nyingi, akasema tu: "Basi ilikuwa kitu hiki kadogo." Bwana Prefe aliandika barua kwa komite, na siku ya pili, mbele ya bendera, alituambia sote kwamba jina la mzee lisitajwe tena kwa neno lile. Kazi ya zamu ina mutu mwingine sasa. Komite imekubali kununua makala ya jiko kwake. Haitoshi kwa miaka yote iliyopotea, kila mutu anaona. Lakini mjukuu wake anakula chakula chake katika refekituari bila kuangalia chini.

Kazi ya mwisho ilikuwa kutafuta nguvu ya kupanda kilima. Mashine ilikwenda, lakini mlimani ilichoka. Hii ni ugonjwa wa kawaida wa mapigo mawili: mafuta yasiyoungua yanakuwa masizi na kuziba eshapema na tundu la kutolea moshi. Tulitoa eshapema, tukaichoma motoni nje mbali na esansi, tukagonga masizi yakatoka kikombe kizima. Tundu la silenda tulilikwangua kwa kijiti cha mti mgumu, si kwa bisibisi, kwa kuwa chuma kinachora aliminiumu. Tukakata juenti mpya ya karatasi ngumu, kwa sababu hewa ikiingia pembeni, mchanganyiko unakuwa mwepesi na motere inachemka. Kisha safari ya kilometa tano tulitoa buji tukaiangalia: ilikuwa na rangi ya kahawa. Nyeusi na yenye kuloa ingesema esansi au mafuta yamezidi; nyeupe ingesema motere inaungua moto kupita kiasi. Kahawa ndiyo rangi ya afya.

Sasa Mama Munganga anafika vijiji vya ng'ambo ya mto mbele ya jua kuwa kali, naye zamani alikwenda kwa miguu. Barafu ya sanduku haiyeyuki njiani.

Mimi namaliza masomo mwaka huu. Kwa hiyo naandika kanuni hizi kwa mwenye kushika kazi nyuma yangu. Chuja esansi kwa kitambaa kila mara. Changanya mafuta na esansi katika bidoni kwanza, tikisa, kisha utie. Funga robine ukifika, kusudi kabirateri isifurike. Mashine ikilala kupita mwezi mmoja, maliza esansi ya kabirateri. Kila siku ya posho, pitisha sindano katika tundu la kifuniko. Pale sindano inaruhusiwa.

Na kwa makapita watakaokuja: wataletewa watoto waliopigana, daftari zilizopotea, sahani zilizovunjika, na kila mara kutakuwa na mutu tayari anayejua mwenye kosa ni nani. Muulize maswali matatu ya Papa Fundi kwa namna yenu. Ni nini kimeonekana? Nani amepima? Tukibadili kitu kimoja tu, maneno yangali vilevile? Kaye nyingine, yenye kurasa tupu, nimeiacha kwenye meza ya kapita.